Madumu Hayafi, Mwalimu

Kwako mama yangu uliyepumzika nyuma ya kambi ya kahawa,

Naogopa, mama. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukumpenda mtu anayekuja na salamu ndefu huku ameficha jambo lake kwapani. Mimi ni mwalimu sasa, watoto wananisimamia nikiingia darasani, na wazee wa Kimaasai wa huku Olbalbal wananipisha njiani kwa heshima, lakini wiki hizi nimekuwa yule yule mtoto wa darasa la tatu aliyeitwa ubaoni. Ungekuwepo ungeniuliza, "Kwani umeua?" Sijaua. Ila kuna mtoto wa mtu ambaye neno langu linaweza kumtoa shuleni asirudi tena, na neno lenyewe ilibidi niliseme.

Barua hii naiandika hadharani. Najua ungenivuta sikio, maana kwako mambo ya nyumbani hayakuanikwa kwenye kamba ya jirani. Lakini nataka walimu wenzangu waisome, na mimi sina mtu mwingine aliyewahi kuijua hofu ya namna hii kama wewe.

Unaikumbuka kambi yetu? Safu zile za nyumba za bati chini ya mibuni, kwetu mlenda umeungwa kwa karanga, kwa jirani Wagogo wanagombana kwa sauti kama wanaimba, upande wa pili Wambulu na pombe yao ya Jumapili. Ulitoka Singida kufuata msimu mmoja wa kuchuma kahawa, ukaja kuzikwa hapo hapo. Mimi nilizaliwa katikati ya kelele zile, nikaokota lugha zote kidogo kidogo, nikawa namtukana kila mtoto kwa lugha ya kwao. Kusema hakukunishinda hata siku moja. Kusoma ndiko kulikonishinda.

Herufi zilikuwa zinanikimbia, mama. Sikuwahi kukueleza vizuri kwa sababu sikuwa na maneno yake. Nilikuwa nikifika mwisho wa neno nimeshasahau lilivyoanza, na b na d kwangu walikuwa mapacha ambao hata mama yao angewachanganya. Wenzangu wakiimba silabi ubaoni nami nilikuwa naimba, kwa sauti kubwa kuliko wote, nikifuata midomo yao. Mwalimu akifuta ubao na kuniita peke yangu, nilikuwa natamani ardhi ipasuke.

Wewe ukaambiwa kichwa cha samaki kinaongeza akili. Basi kila samaki wa ziwa Eyasi walipofika sokoni Karatu, ulirudi na vichwa vya kambale vimefungwa kwenye gazeti, ukaniketisha mbele ya sufuria. "Kula na macho," ulikuwa unasema. Nilivila mpaka nikanuka ziwa. Baadaye shehe akanisomea maji, na baada ya shehe yule bibi wa Kimbulu akanichanjia mizizi, na sijui ungenipeleka kwa nani mwingine kama usingeishiwa watu. Siku hizi nikiwasimulia walimu wenzangu wanacheka, nami nacheka nao. Wakati ule hakuna aliyekuwa anacheka.

Halafu mwalimu wa darasa akakuita. Ulikuja moja kwa moja kutoka shambani, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa, ukawa unavificha kwenye kanga. Hakukufokea. Alikuvutia kiti akakuambia, "Mama, huyu mtoto hawezi. Usipoteze muda wako. Mtafutie kazi ya ndani mjini angali mdogo, atazoea." Alisema kwa huruma kabisa, na ndicho kinachoniogopesha mpaka leo. Mtu mkatili ungeweza kumsonya ukaenda zako. Mwenye huruma unamwamini.

Tukashika njia ya kurudi. Ulinishika mkono, na mkono wako ulikuwa unatetemeka. Nilishtuka, maana nyati aliposhuka kutoka msituni akaingia kwenye mibuni ni wewe uliyekwenda kumfukuza kwa kupiga debe wakati wanaume wamepanda juu ya trekta. Sikujua kuna kitu duniani cha kukutetemesha. Haukupita muda, mama mmoja wa Arusha akaja kuniona, akakubali kunichukua kwa kazi za ndani, na nguo zangu zikawa tayari zimefungwa. Ukamwambia asubiri mvua zipite. Zilipopita ukamwambia asubiri kahawa iishe. Nilikuuliza siku moja, "Mama, kwani nitaweza?" Nilitaka uniambie ndiyo. Ukanijibu, "Sijui. Vaa viatu uende shule."

Wakati unaendelea kumpiga chenga yule mama wa Arusha, akaletwa pale shuleni mwalimu kijana aliyekuwa ametoka kufundishwa mambo ya watoto kama mimi. Alinihamisha kutoka nyuma akaniweka karibu na dirisha. Akamwaga majivu kwenye sinia nikawa nachora herufi moja kwa kidole, hiyo hiyo, asubuhi mpaka mkono uijue wenyewe. Hakuniita ubaoni mpaka nilipoomba. Ilichukua muda mrefu, mama, unajua. Kitu cha kwanza nilichokusomea ni maandishi ya mfuko wa mbolea, ukaniambia nirudie, nikarudia, ukatoka nje. Uliporudi ulisema moshi wa kuni umezidi.

Sasa sikia ya huku.

Mwaka huu walituita walimu wa wilaya yetu na wa Karatu kwenye mafunzo ya kuwasaidia wanafunzi wanaojifunza kwa shida. Yalifanyika Karatu mjini, ukumbi ambao nje yake magari ya watalii yanapita na vumbi lake kutwa. Siku ya kwanza mwezeshaji alitugawia karatasi ambayo herufi zake zilikuwa zimegeuzwa na kuchanganywa, akataka tusome kwa sauti, haraka, mmoja mmoja, na wengine wakaruhusiwa kucheka. Jirani yangu, mwalimu wa kutoka Digodigo, mtu mzima na mvi zake, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha likaitwa jina lake. Alisimama, akatazama karatasi, jasho likamtoka shingoni. "Jamani, mimi nina digrii," akasema. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeushika ukingo wa meza. Zamu yangu ilipofika nilishindwa kufungua mdomo kabisa, na mwezeshaji akadhani namwigiza vizuri mtoto asiyejua kusoma.

Nilijifunza mengi pale, sikufichi. Kwamba uanze kwa kuuliza kama mtoto anaona na anasikia kabla hujamwita mzito. Kwamba sinia la majivu lina maana yake na limo vitabuni. Kwamba kusoma kunaweza kumgomea mtoto mwenye akili timamu kabisa. Tukapewa na kadi za kupimia, ili tukirudi tujue nani anahitaji msaada na wa namna gani. Nilirudi Olbalbal nimezikumbatia kadi zile kama mtu aliyetoka hija.

Kuna binti hapa anaitwa Naserian. Yuko darasa la tatu, kimya, ana jicho la kukutazama mpaka ujikague nguo. Katika kadi za kuhesabu kulikuwa na picha za ng'ombe. Nilimwekea mbele nikamwambia, "Hesabu." Akazitazama, akaniangalia, akafunga mdomo. Nikamwekea kadi ya mbuzi. Kimya. Nikamwekea ya watoto wanaocheza mpira, akaigeuza ikalala kifudifudi. Kwa mujibu wa mwongozo, mtoto wa namna hiyo hajui kuhesabu hata kidogo. Nikaandika hivyo. Si yeye peke yake, tulipata wengi, na mwalimu mkuu akashangaa tulikuwa tunafundisha nini miaka yote.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, mama, mchapakazi, mgeni huku kama mimi. Aliitisha kikao cha wazazi awaeleze kwamba sasa watoto wao watasaidiwa. Akawaita wale watoto mbele, akawapanga mstari. Huku mtoto akikutana na mkubwa huinamisha kichwa, naye mkubwa hukigusa, hiyo ndiyo salamu yao. Mwalimu mkuu akaanza kupita akiwagusa vichwa, na watoto wakainama mmoja baada ya mwingine wakidhani wanaamkiwa. Kumbe anawahesabu, kwa sauti, moja, mbili, tatu, mbele ya wazazi wao. "Hawa wote," akamaliza, "hawawezi kuhesabu."

Baba yake Naserian aliinuka, akamshika binti yake mkono, akaondoka. Wengine wakafuata. Tukafikiri ni aibu tu, itapita. Wengi walirudisha watoto baada ya siku chache, yeye hakumrudisha. Habari ikatufikia kwamba amesema walimu wenyewe wamethibitisha mtoto hana kichwa cha shule, basi atakaa nyumbani amsaidie mama yake, na muda ukifika kuna mtu alishauliza habari za kumwoa.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye foleni ya maji. Unajua maji ya huku, unaweza kupanga foleni mpaka ukazijua mbavu za kila punda. Naserian alikuwepo, na ndiye aliyekuwa anaamua ugomvi wa akina mama. "Wewe umejaza madumu matano, bado mawili. Huyu bado manne, ndiyo upite wewe." Hakuna aliyembishia. Nilisogea karibu naye.

"Naserian, madumu yote ya hapa ni mangapi?"

Akapitisha macho mara moja, akanitajia. Nilihesabu nyuma yake, alikuwa sahihi.

"Na punda je?"

Akainamisha kichwa, akawa anachora chini kwa kidole cha mguu. Nikarudia. Mama mmoja akaguna nyuma yangu. Naserian akanong'ona, kama anayemwonea huruma mtu mzima, "Madumu hayafi, mwalimu."

Ndipo nikaelewa. Kwao kiumbe chenye uhai hakihesabiwi, mama, ng'ombe wala mtoto. Mfugaji anawajua wanyama wake kwa rangi na pembe, akikosekana mmoja anajua ni yupi. Kumhesabu kwa sauti ni kukiita kifo kije kuchagua. Si maboma yote yanashika hivyo siku hizi, lakini la kwao linashika. Na sisi tumewapanga watoto wao mstari, tukawashika vichwa, tukawahesabu kama magunia.

Nilikimbia kwa mwalimu mkuu. Alijishika paji la uso. "Mungu wangu," akasema. "Na mimi niliona wameinama nikafurahi kwamba wana nidhamu." Akaniambia niende kwa yule mzee, baba yake Naserian, kwa kuwa nina maneno mawili matatu ya Kimaasai. "Mwambie kipimo kilikosea, mtoto hana tatizo lolote, yaishe."

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Kwa sababu Naserian ana tatizo. Hesabu tulimwonea, lakini kusoma kunamgomea kweli. Nimemwona akiimba silabi kwa sauti kubwa huku macho yakiwa kwenye midomo ya jirani. Nimeiona b yake na d yake. Ningemjua katikati ya shule elfu, mama. Nikimwambia baba yake hana tatizo, atarudi, na mwaka utakapokwisha hajui kusoma, mzee ataona walimu ni waongo, na hatamrudisha tena wala hatawaleta wadogo zake. Nikimwambia ukweli, nani kanihakikishia atasikia "atachelewa" badala ya "hawezi"? Yule mwalimu aliyekuita naye alisema ukweli aliouona.

Nilikwenda kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nabadilisha maneno. Kuna mahali nilikaa kwenye jiwe nikakata shauri la kudanganya, nikasimama, nikaendelea, nikakata shauri la kusema kweli, na nilipouona uzio wa miiba wa boma lao sikuwa na shauri lolote.

"Takwenya," mzee akaniamkia.

"Iko," nikajibu.

Alinipa kigoda kivulini mwa nyumba. Mama Naserian akaleta maziwa, akabaki amesimama mlangoni. Niliomba radhi kwanza kwa kuwahesabu watoto. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema hilo wazee walishaliombea, liachwe. Nikamweleza ya madumu. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza, akamtazama mkewe.

"Basi mtoto yangu iko na kichwa," akasema.

Pale, mama, ningeweza kunyamaza. Maziwa yalikuwa mkononi, mzee anatabasamu, mtoto angerudi kesho yake. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo.

"Ana kichwa, mzee. Lakini kusoma kunampa shida. Shida ya kweli. Atachelewa kuliko wenzake, na itabidi nimfundishe kwa njia nyingine."

Tabasamu likaondoka. Akainama akawa anakuna ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Atachelewa, au hataweza?"

Nikamsimulia mimi. Sinia la majivu, mfuko wa mbolea, yule mama wa Arusha na nguo zangu zilizofungwa. Nilimsimulia wewe. Alisikiliza bila kunikatisha, kisha akauliza swali ambalo mafunzo hayakuwa nalo.

"Mama yako alijuaje wewe utaweza?"

"Hakujua."

"Alikuwa anaogopa?"

"Alikuwa anatetemeka, mzee."

Akageukia mlangoni. Mkewe akasema kitu kwa Kimaasai, haraka, sikukipata. Mzee akamjibu kwa neno moja. Halafu akaniambia atamleta, mpaka ng'ombe watakaporudi kutoka malisho ya mbali. Wakirudi atakuja kumsikiliza yeye mwenyewe. Akisoma hata kidogo, aendelee. Asiposoma, nisije tena bomani kwake na maneno.

Mama, mimi namjua mtoto huyu. Huo muda wa miezi michache hautoshi. Labda utatosha, lakini kwangu mimi usingetosha, na wewe unajua hivyo. Nilimwambia hivyo pia, nikamwomba asubiri hata mwaka. Akasema ng'ombe wakirudi.

Jumatatu alimleta mwenyewe, wamevuka tambarare jua likiwa bado halijapata nguvu. Naserian alikuwa amevaa sweta la shule juu ya shuka. Akainamisha kichwa mbele yangu, nikakigusa, nikamwambia aingie akae karibu na meza yangu. Baba yake alibaki nje ya mlango ameegemea fimbo, anatazama ndani, walimu wengine wanapita wakimwamkia, na yeye haondoki mpaka kengele ilipolia. Nilitoka kumuaga. Nilijua anataka kuniuliza tena kama binti yake ataweza, na nilikuwa nimejiandaa kulia.

Hakuniuliza. Alisema, "Mwalimu, mimi iko na hofu usiku na mchana. Leo naiacha hapa kwako. Chunga."

Akageuka akaenda zake, hatua ndefu, hakutazama nyuma. Nimezoea wazazi wanaoniachia watoto wao mlangoni. Huyu ameniachia na hofu yake juu, na ilivyo nzito, mama, naisikia mabegani sasa hivi nikiandika haya watoto wakiwa mapumzikoni. Jana nilikuwa naogopa kwamba hataniamini. Leo ameniamini, na hii ya leo ndiyo kubwa.

Lala salama, mama yangu. Kengele inalia na Naserian ameshaingia, nawe huko uliko niombee mikono isitetemeke mbele yake.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho, Rehema